Meza Iliyojaa na Meza Iliyotimia

Kila Jumanne, saa moja jioni, sisi huitoa meza ya chakula na kuiweka barazani, tukawasha taa na kupanga viti sita. Ifikapo saa moja na robo karata huwa zimekwisha kuchanganywa. Saa tatu na nusu mchezo unakwisha, hata kama yupo anayetaka kulipiza kisasi cha mkono wa mwisho, na wageni wetu wanarudi makwao. Tumefanya hivi kwa miaka tisa hapa Tanga, sisi mume na mke, wastaafu wawili ambao watoto wao wamekwisha kwenda kujitegemea.

Msomaji mpendwa, huenda neno karata limekushtua ukilikuta katika kitabu cha kanisa. Tukiongeza kwamba mchezo wenyewe ni poka, ule ambao wengi wameuona katika filamu ukichezwa kwa fedha na bastola, utashtuka zaidi. Kwetu hakuna fedha wala bastola. Mmoja wetu alifundishwa mchezo huu na mabaharia alipokuwa akifanya kazi bandarini, na tulipouleta nyumbani tulikubaliana kwamba patachezwa kwa maharage. Kila mtu huanza jioni na maharage hamsini kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, na mchezo ukiisha yote hurudi koponi. Ni maharage yale yale tangu mwaka wa kwanza, mengine yamebunguliwa, na aliyeshinda wiki iliyopita haanzi wiki hii na hata punje moja ya ziada.

Hatudharau hofu ya wale wasiopenda karata ziingie katika nyumba ya Mkristo. Katika karne ya 15 mhubiri Bernardino wa Siena alizunguka miji ya Italia akihubiri dhidi ya kamari, na watu wakaleta karata na dadu zao zikachomwa moto hadharani. Alikuwa ameona nyumba zilizofilisika. Nasi tunaziona, isipokuwa siku hizi kamari haihitaji meza: kijana hubeti kwenye simu akiwa kitandani, na ada ya shule ya mdogo wake inaondoka bila mtu kusikia. Ubaya wa kamari ni kutamani kilicho cha jirani bila kukifanyia kazi na bila kupewa. Kwa maharage yaliyobunguliwa tamaa hiyo hukosa pa kushika. Hata hivyo hatuandiki ili kuzitetea karata. Anayeona dhamiri yake inamkataza na aitii. Tunaandika kwa sababu ya swali lingine ambalo meza hiyo ilituletea, nalo linamgusa kila mtu aliyewahi kualikwa mahali. Ni swali la neno dogo: nitakuja. Mtu akisema neno hilo, anadaiwa nini?

Meza yetu ilianza kwa ajili ya mtu mmoja. Mtaani kwetu alikuwepo mzee aliyefanya kazi reli kwa muda mrefu, ambaye mkewe alikuwa amefariki mwaka ule. Siku moja tulipomtembelea alituambia kwamba analala saa moja jioni. Tulidhani anaumwa. Akasema, "Siumwi, wanangu. Ila giza likishaingia hakuna wa kuzungumza naye, sasa nikeshe kwa ajili ya nani?" Tulirudi nyumbani kimya. Wiki iliyofuata tukamwita mezani, na kwa kuwa mchezo ule hauna ladha ukiwa na watu wawili au watatu, tukawaita na wengine: muuguzi mstaafu, mwalimu wa kwaya, na jirani yetu Mwislamu, ambaye alikubali kwa sharti kwamba pasiwe na fedha. Tulichagua Jumanne kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Jumatano kuna maombi, Ijumaa ni ya jirani yetu, Jumamosi ni ya misiba na harusi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, kama vitu vipya vinavyokwenda. Mwaka wa pili viti vikaanza kubaki wazi. Jumapili baada ya ibada tuliuliza, "Jumanne tupo?" na wote wakajibu, "Tupo!" Jumanne ikifika anakuja mmoja. Tunakumbuka jioni moja ambapo tulikuwa tumepika mihogo ya nazi na samaki wa kutosha watu sita. Alikuja jirani yetu peke yake. Alikula kwa adabu, akazungumza nasi mpaka saa mbili, akaenda zake. Tulipokuwa tukifunika sufuria mmoja wetu alisema kwa hasira, "Wametudanganya." Mwingine akajibu, "Hawakudanganya. Hawakuja tu." Tukabishana mpaka usingizi ukatushika, na kwa kweli hatujaumaliza ubishi ule mpaka leo.

Je, walidanganya? Tomaso wa Akwino, mwalimu wa kanisa wa karne ya 13, alilichunguza jambo hili. Alifundisha kwamba anayeahidi akiwa na nia ya kutimiza hasemi uongo, kwa kuwa neno lake linakubaliana na kilichomo moyoni mwake wakati ule. Asipotimiza baadaye, hapo ndipo anapokosa uaminifu, isipokuwa kama alichoahidi kilikuwa kiovu, au kama hali ya mambo imebadilika. Kisha anamtaja mtume Paulo. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba atawatembelea, asiende, na wao wakamwona kigeugeu. Tomaso anasema Paulo hakudanganya, kwa kuwa vizuizi vilimzuia.

Tulifarijika tulipolijua hilo, maana lilituzuia tusiwaite rafiki zetu waongo. Lakini tuliporudi kusoma sura yenyewe (2 Wakorintho 1:15–24) tuliona jambo jingine. Paulo hakuridhika kusema kwamba alikuwa na udhuru. Aliandika barua kueleza. Alikubali kwamba wale watu wana haki ya kuuliza. Aliona kwamba ahadi ya safari, kitu kidogo namna ile, imefungamana na Injili aliyoihubiri: kama neno lake la kawaida haliaminiki, watu watalipokeaje neno lake juu ya Mungu? Kwake, kushindwa kufika mahali alipotarajiwa lilikuwa jambo la kutolea maelezo kwa machozi.

Mbali na mwenye nia anayezuiwa na mwenye nia anayelegea, yupo mtu wa tatu, na sisi Waswahili tunamjua vizuri kwa kuwa mara nyingi ni sisi wenyewe. Huyu husema "nitakuja" ili mazungumzo yaishe vizuri. Tumelelewa kwamba kumkatalia mtu mwaliko usoni ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo tunampa ndiyo, kama tunavyompa maji mgeni, halafu tunaendelea na shughuli zetu. Hatuna nia mbaya. Lakini yule aliyeipokea ndiyo hajui kwamba ilikuwa ya adabu tu. Yeye anakwenda sokoni kununua samaki.

Hapa mchezo wenyewe ulitufundisha. Poka ni mchezo wa kuficha. Unapewa karata mbili ambazo wenzako hawazioni, na unaweza kusukuma maharage thelathini katikati ya meza ukiwa na karata mbovu kabisa, uso umetulia kama wa shemasi anayehesabu sadaka. Hiyo si dhambi, kwa kuwa wote tumekubaliana kwamba ndani ya mchezo uso hausemi kweli. Basi jirani yetu alicheka siku moja akasema, "Hapa tunadanganyana saa mbili nzima, na neno pekee ambalo halina ruhusa ya kuwa la uongo ni lile lililotuleta." Alisema kweli. Kabla watu hawajaweza kucheza, kusali au kuimba pamoja, kuna neno moja lazima liwe limesemwa kwa kweli, nalo ni nitakuja.

Tulitafuta dawa. Ya kwanza ilikuwa faini. Kila mtu aliyewahi kuwa katika kikoba, kwaya, au chama cha kufa na kuzikana anaijua faini. Tukaafikiana kwamba asiyefika bila taarifa atalipa shilingi elfu mbili, na fedha zitanunua sukari na majani ya chai. Mwezi wa kwanza watu walikuja. Mwezi wa pili mwalimu wa kwaya alipita mchana, akatupa noti ya elfu mbili huku akitabasamu, akasema, "Hii ya leo, mama. Mechi ya leo siikosi." Hakuwa na aibu hata kidogo, na sisi hatukuwa na la kumwambia, maana alikuwa amelipa. Baada ya hapo na muuguzi akafanya hivyo. Sukari ilijaa kabatini, na viti vikabaki wazi.

Baadaye tulijifunza kwamba jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha habari za vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Katika vituo sita ikawekwa faini ya shekeli kumi kwa atakayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji wakaongezeka mpaka wakafika karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakupungua. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alijua kwamba amemweka mwalimu, na alimwonea haya. Baada ya faini alijua kwamba amenunua muda, na aliyenunua haombi radhi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Deni kwa watu tulikuwa tumeligeuza kuwa bei. Tuliifuta faini ile, lakini ilichukua muda mrefu aibu njema kurudi. Tunaomba viongozi wa vikundi vya kanisa walitafakari hilo kabla ya kuandika kiwango kipya cha faini ubaoni.

Dawa ya pili ililetwa na mwalimu wa kwaya mwenyewe, kwa nia njema. Alisema watu hawaji kwa sababu maharage hayaumi. "Tuweke shilingi mia tano mia tano tu," alisema. "Mtu akiwa na chake mezani, mvua haitamzuia." Na kwa upande mmoja alikuwa na haki: palipo na hazina ya mtu ndipo moyo wake unapokwenda, Bwana mwenyewe amelifundisha hilo. Jirani yetu aliweka karata zake chini taratibu. Akasema, "Siwakatazi, nyumba ni yenu. Lakini siku hiyo mimi nitawaaga." Hakuongeza neno. Tulimtazama yule mtu ambaye kwa miaka miwili hakuwa amekosa Jumanne hata moja bila kutuambia mapema, na tukaona upuuzi wetu. Tulikuwa karibu kumpoteza aliyekuwa akija ili kuwavuta wasiokuja. Na tungewavuta kwa kitu gani? Kwa tamaa. Wangeifuata mia tano, na sisi tungeendelea kujidanganya kwamba wanatujia sisi. Tulikataa, na mwalimu wa kwaya, tunamshukuru, hakununa.

Kuhusu jirani yetu tuseme neno moja zaidi. Kila alipoagana nasi alisema, "Jumanne, inshallah." Sisi pia tulisema, "Mungu akipenda." Yakobo anatuagiza tuseme hivyo, kwa kuwa hatujui ya kesho (Yakobo 4:13–15). Lakini tulianza kusikia tofauti. Aliposema yeye, maana yake ilikuwa: nitakuja, isipokuwa Mungu mwenyewe anizuie. Tuliposema sisi, mara nyingi maana yake ilikuwa: nisipokuja, msiniulize. Tulikuwa tumelichukua jina la Mungu na kulifanya mlango wa nyuma wa kutokea. Kama kuna njia ya kulitaja bure jina lake ambayo wacha Mungu huitumia bila kujua, tunaogopa kwamba ni hii.

Dawa ya tatu ndiyo iliyofanya kazi, na ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mtu mmoja alitushauri tualike watu wengi kuliko viti. Viti ni sita, alisema, basi muwe na majina kumi na moja. Watano wakikosa, meza bado imejaa. Tuliongeza vijana wa mtaani na wanandoa wawili wa jumuiya yetu. Ikawa kama alivyosema. Hatukukaa tena na sufuria la mihogo peke yetu. Wakizidi, mmoja wetu aliacha kucheza akahudumia chai. Kwa miezi kadhaa tuliwaambia watu kwa fahari kwamba barazani kwetu hakukosi mtu.

Kisha siku moja tukakutana na mzee wa reli kwenye duka la dawa. Tukamwambia, "Mzee, umetupotea." Akatutazama, akasema, "Sijapotea, wanangu. Ile siku ya mvua nilichelewa kidogo. Nilifika hadi getini, nikaona mmejaa. Kijana alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mnacheka vizuri tu. Nikarudi." Tukauliza ni lini. Akasema ni Jumanne tatu zilizopita.

Jumanne tatu. Meza ile iliwekwa barazani kwa mara ya kwanza kwa ajili yake, ili asilale saa moja. Na kwa Jumanne tatu alikuwa amelala saa moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yuko wapi, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Zamani, tulipokuwa watu wachache wasio waaminifu, kutokuwepo kwake kungetuuma mara moja. Sasa mpango wetu mzuri ulikuwa umeondoa maumivu hayo, na pamoja nayo ukamwondoa mtu.

Usiku ule tulifungua Injili ya Luka. Katika sura ya 14 kuna mtu aliyefanya karamu kubwa. Walioalikwa wakatoa udhuru mmoja baada ya mwingine: huyu amenunua shamba, huyu ng'ombe jozi tano, huyu ameoa. Mwenye nyumba akakasirika, akaagiza waletwe maskini na vilema kutoka mitaani, na nafasi ilipobaki akaagiza waletwe hata walioko njiani nje ya mji, ili nyumba yake ijae. Tulikuwa tukiupenda mfano huo. Tulijiona ndani yake, na watu wetu wa akiba tuliwaona kama wale wa njiani. Lakini hatukuwa tumewahi kuusoma kwa kuendelea mpaka sura inayofuata. Hapo yupo mchungaji mwenye kondoo mia. Mmoja amepotea, na tisini na tisa wapo. Kwa hesabu ya mwenye karamu, zizi limejaa. Kwa mchungaji, halijatimia, naye anaondoka kumtafuta yule mmoja.

Tulijiuliza kama Bwana anajipinga. Tunaamini hajipingi. Wale wa sura ya 14 waliitwa na wakakataa. Nafasi zao walizitoa wao wenyewe. Yule wa sura ya 15 hakukataa lolote, alipotea tu, na hakuna mwingine anayeweza kuwa yeye. Mwenye karamu hakuwaita maskini ili kuziba pengo halafu wasahauliwe. Aliwaita wakaketi, wakawa wageni wake kweli. Kosa letu lilikuwa kuwafanya watu kumi na moja wawe vizibo vya matundu sita. Mzee wa reli alikuwa ameelewa hivyo pale getini: kwamba sisi tulihitaji mtu wa sita, na mtu wa sita alikwisha kupatikana. Na wale vijana nao tuliwadhulumu, maana hatukuwa tumewaita kwa ajili yao wenyewe.

Tangu hapo tumejifunza kutofautisha meza iliyojaa na meza iliyotimia. Iliyojaa huhesabu viti. Iliyotimia huhesabu watu kwa majina. Ya kwanza ni rahisi kuipata: ongeza waalikwa. Ya pili haina njia ya mkato.

Tutaeleza tunavyofanya sasa, si kwa kujisifu, bali pengine itafaa kwenye nyumba yako au jumuiya yako. Kwanza, hatuna tena watu wa akiba. Kiti cha asiyekuja hubaki wazi mezani usiku mzima, na tunakubali kukitazama. Wale vijana na wanandoa wawili hatukuwafukuza. Tuliwasaidia kuanza meza yao Alhamisi, kwenye nyumba ya wanandoa mmojawapo, na huko nako kila mtu ana kiti chake. Akitaka kuja mgeni mpya kwetu, tunaongeza kiti. Hatumweki mtu juu ya kiti cha mtu.

Pili, tumewapa watu ruhusa ya kusema siji. Bwana anatutaka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:37), nasi tumegundua kwamba ya kwanza haiwezekani bila ya pili. Mtu asiyeweza kukataa bila kuhojiwa hana ndiyo ya kutoa. Akisema kufikia Jumatatu jioni kwamba haji, tunajibu "Haya, salama," na hatumuulizi sababu. Wengi hututajia sababu wenyewe.

Tatu, mtu akikosa bila taarifa, Jumatano asubuhi tunampigia simu na kumuuliza swali moja tu: hujambo? Hatumkumbushi chakula kilichobaki. Mara nyingi yupo salama, alisahau, anaona haya, na haya hiyo tunaiacha ifanye kazi yake. Mara moja moja hayuko salama, na hapo simu ile huwa na thamani kuliko mchezo wote.

Nne, kila mtu amebeba kitu ambacho wengine hawana. Muuguzi huleta karanga. Mwalimu wa kwaya huja na taa ya kuchaji, kwa siku umeme unapokatika. Jirani yetu huleta karata zenyewe, kwa kuwa kwake hazichakai. Na kopo la maharage analiweka mzee wa reli nyumbani kwake. Asipokuja yeye, hakuna maharage, na bila maharage hakuna mchezo. Tungeweza kununua maharage mengine kwa shilingi mia chache, kila mmoja anajua hilo, na hakuna anayenunua.

Tano, sisi wenyewe hatuahirishi isipokuwa kwa msiba au ugonjwa. Mwenyeji anayewataka watu wawe waaminifu huku yeye akibadili siku kila mwezi anadai asichokitoa. Akija mtu mmoja, meza iko nje na taa inawaka. Tunakunywa chai.

Je, sasa wote huja? Hapana. Bado kuna Jumanne tunakaa watatu tukisikiliza mvua kwenye bati. Uaminifu wa watu haukupanda kama tulivyotarajia tulipokuwa tukitunga sheria. Kilichobadilika ni kwamba hakuna anayekosekana bila kukosekana kwake kujulikana.

Wapendwa, tunapoketi kanisani Jumapili na kuyatazama mabenchi, ni rahisi kufurahi kwamba yamejaa. Kusanyiko kubwa ni baraka, lakini linaweza kuwa kama ile meza yetu ya majina kumi na moja. Katika benchi lililojaa mtu anaweza kukosekana miezi mitatu, na walioketi pale wakasogea tu. Waraka kwa Waebrania unaposema tusiache kukutana pamoja, unasema katika sentensi ile ile kwamba tuonyane na kutiana moyo (Waebrania 10:25). Anayeambiwa aje lazima awepo wa kumwona amekuja. Nusu ya wajibu iko kwa aliyesema nitakuja, na nusu iko kwa sisi tuliokwisha kuketi.

Kwa hiyo, ukialikwa wiki hii, kwenye jumuiya, kwenye mazoezi ya kwaya, kwa mgonjwa, au kwenye baraza la mtu yeyote anayekupikia, ngoja kidogo kabla ya kujibu. Kama huwezi, sema huwezi, kwa upole. Kama unaweza, sema nitakuja, na ukiongeza Mungu akipenda, umwachie Mungu kweli kazi ya kukuzuia. Na kama wewe ndiwe mwenyeji, usihesabu viti. Taja majina, mmoja mmoja, na ukifika kwa asiyekuwepo, simama hapo.

Jumanne baada ya siku ile ya duka la dawa, tuliweka viti sita na tukakaa wawili, tukisubiri. Saa moja na dakika kumi tulisikia geti. Alikuwa amevaa koti lake la reli, na mkononi ameshika kopo tulilokuwa tumempelekea mchana ule bila maelezo mengi. Alisimama kidogo pale pale alipogeukia nyuma mara ile, akatazama viti.

"Kipi changu?" akauliza.

Tukamwonyesha.